Kabla Hujataka Kuwa Kocha wa Kikapu Chuoni Marekani

Mechi ya ugenini imeisha saa tatu usiku, tumefungwa kwa pointi 11. Basi limetufikisha chuoni saa saba, na baridi ya Februari ya Kansas inakata masikio. Wachezaji wameshuka kila mtu na vifaa vyake vya muziki masikioni, wamekwenda kulala. Kocha mkuu amepita bila kusema neno. Nimebaki mimi, mabegi mawili ya jezi zilizolowa jasho, mashine ya kufulia inayotetemeka kama daladala bovu, na kompyuta yenye video za wapinzani tunaokutana nao Jumamosi. Wakati huo nilikuwa na digrii mbili na umri wa miaka 31.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu kila wiki kuna kijana wa Dar, Mwanza au Nairobi ananiandikia: "Kaka, nataka kuwa kocha wa chuo huko Marekani, nianzie wapi?" Ameiona ile picha yangu nimesimama pembeni ya kiwanja, nimenyoosha mkono kama nasimamisha treni. Anadhani nilikuwa naamuru mfumo wa ulinzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwambia kijana mmoja achomekee jezi, refa alishamwonya mara moja.

Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande. Leo naandika yote pamoja, mtu akiuliza nimtumie.

Sikuja huku kufundisha, nilikuja kucheza. Nilipata nafasi kwenye chuo cha miaka miwili magharibi mwa Kansas, kule ambako ukisimama barabarani unaona ghala la ngano la mji unaofuata. Msimu wa pili goti likaenda. Kocha akaniita ofisini akaniuliza kama ningependa kubaki na timu kama meneja. Nikampigia mama simu: "Mama, wamenifanya meneja." Alifurahi mno, akawatangazia majirani mpaka wa mtaa wa pili. Sikumsahihisha. Huku meneja wa timu ni mwanafunzi anayejaza chupa za maji, anapiga deki jasho chini ya kikapu, anarekodi mazoezi kwa kamera, na kuwaokotea mipira wapigaji saa kumi na mbili asubuhi. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikashika dekio.

Hapo ndipo mlango ulipo, na ndiyo maana naueleza kwa kirefu. Nyumbani tumezoeshwa na soka kwamba ukocha una ngazi za vyeti: leseni C, B, A ya CAF, ukimaliza moja unapanda nyingine. Kikapu cha vyuo vya Marekani hakina leseni ya namna hiyo. Kuna mtihani wa kanuni za usajili unaofanywa kila mwaka kabla hujaruhusiwa kutoka nje ya chuo kutafuta wachezaji, lakini hakuna cheti kinachosema huyu sasa ni kocha. Kinachokupa kazi ni mtu aliyekuona ukifanya kazi, na atakuona wapi kama hukukubali kuwa pale anapofanya yeye?

Ngazi yenyewe kwa kawaida huwa hivi. Unaanza meneja. Ukimaliza shahada ya kwanza unatafuta nafasi ya msaidizi anayesoma uzamili: chuo kinakulipia ada, kinakupa posho ndogo, na kwa malipo hayo unafanya kazi ya watu watatu. Kutoka hapo unaweza kuwa mtu wa video au mtu wa shughuli za timu, yule anayepanga mabasi, hoteli na chakula. Halafu ndiyo kocha msaidizi. Kocha mkuu ni kama kwenda Hija. Wapo wanaofika, wengi wanaishia kuweka akiba.

Usidhani wakubwa waliruka ngazi. Pat Summitt alikabidhiwa timu ya wanawake ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22, na alikwenda pale kama msaidizi anayesoma. Mshahara dola 250 kwa mwezi. Alifua jezi mwenyewe na kuendesha gari la timu mwenyewe, na jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za kuuza donati. Mechi yake ya kwanza akafungwa kwa pointi moja. Alipostaafu mwaka 2012 alikuwa ameshinda mechi 1,098 na mataji 8 ya taifa. Mimi kila mashine ya kufulia inaponikera namkumbuka yule mama, ingawa sina taji hata moja.

Tuje kwenye video, maana hapa ndipo kijana asiye na jina anaweza kujipatia jina.

Makocha wasaidizi hugawana wapinzani. Ukipangiwa timu fulani, ni yako: unatazama mechi zao tano au sita za mwisho, unajua mchezo wanaouita kocha wao akinyoosha ngumi, unajua wanavyorusha mpira kutoka chini ya kikapu, unajua nani anapenda mkono gani na nani akifika mstari wa faulo anatetemeka. Kuna programu kama Synergy zinazokukatia kila shambulizi na kulipanga kwa aina, kwa hiyo kazi imekuwa rahisi kuliko enzi za kanda. Lakini programu haikuambii ni kipi cha kuwaeleza vijana na kipi cha kubaki nacho kichwani mwako.

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 14. Niliiandika kama tasnifu, na michoro ya rangi. Kesho yake nikapita bwenini nikaikuta nakala moja imewekewa bakuli la tambi za moto. Nikajifunza: mchezaji wa miaka 19 anabeba mambo matatu uwanjani, basi. Mambo mengine 40 ni yako wewe na kocha mkuu, ili akigeuka katikati ya mechi kukuuliza "hawa wakitoka mapumziko wanacheza nini?" uwe na jibu kabla hajamaliza swali.

Na nilikosea. Msimu wangu wa pili kama msaidizi nilipata video mbovu, imepigwa kutoka juu kabisa ya jukwaa, namba hazisomeki. Nikachanganya namba 3 na namba 23. Ripoti ikasema namba 3 si mpigaji, mwacheni nafasi. Kipindi cha kwanza pekee alitupia vikapu vitano vya pointi tatu. Kila kikapu kikiingia, wachezaji wetu wa akiba walikuwa wananiangalia mimi, hawamwangalii yeye. Mapumziko, kocha mkuu akasimama mbele ya ubao, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani aliandika hii?" Chumba kizima kilikuwa kinajua. Nikanyoosha mkono. Akasema "sawa", akafuta ubao, akapanga upya ulinzi. Tulipoteza. Hakunifukuza, na mpaka leo sijui kwa nini. Tangu siku hiyo sitazami video bila karatasi ya takwimu za mechi ile ile pembeni. Kila kikapu nakihakiki kwa dakika na kwa namba. Ukianza kazi hii, anza na tabia hiyo, usisubiri kunyoosha mkono.

Mazoezi yenyewe, yale ambayo wengi mnadhani ndiyo kazi, yana mipaka. Kanuni za NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo huku, zinaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika lazima. Nje ya msimu ni saa 8 tu. Kwa hiyo kila dakika ya uwanjani huandikwa. John Wooden wa UCLA alikuwa akiandika mpango wa mazoezi kwenye vikadi vidogo, dakika kwa dakika, na siku ya kwanza ya msimu aliwafundisha wachezaji wake namna ya kuvaa soksi na kufunga viatu. Watu hucheka wakisikia. Lakini soksi ikijikunja huleta lengelenge, lengelenge hukunyima mchezaji wiki nzima, na mzee yule alichukua mataji 10 ndani ya miaka 12. Mimi soksi sifundishi. Nafundisha mikono: mlinzi wangu akishusha mikono, mazoezi yanasimama, wote wanakimbia, yeye anapumzika. Anachukiwa na wenzake kwa dakika mbili, na mikono haishuki tena.

Sasa usajili. Nikijumlisha saa zangu zote za kazi kwa miaka 13, zaidi ya nusu zimekwenda kwenye simu na barabarani nikitafuta wachezaji. Anayetaka ukocha kwa sababu anaupenda mpira ajue hilo mapema. Mpira tunaupenda wote, hata anayeuza karanga jukwaani anaupenda. Kazi hii inamtaka mtu anayeweza kuongea na shangazi wa mchezaji kwa dakika 40 kuhusu kanisa lake, akafurahia mazungumzo kweli, na wiki ijayo akakumbuka jina la mchungaji.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki usajili una vituko vyake. Tangu Hasheem Thabeet wa Dar apite chuo cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, kila mjomba mwenye mpwa mrefu anaamini amekalia dhahabu. Napokea picha za vijana wamesimama karibu na mlango, ili nione kichwa kinavyokaribia fremu. Mlango wa wapi? Milango ya Kariakoo mingine hata mimi nainama. Kocha wa huku hamsajili mtu kwa fremu ya mlango. Anataka video ya mechi nzima, siyo vikapu vizuri vilivyounganishwa na muziki. Anataka kuona kijana anafanya nini mwenzake akikosa pasi. Na anataka matokeo ya shule mapema, kwa sababu NCAA ina kituo chake kinachohakiki masomo ya sekondari, na kwa Daraja la Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa ya vyuo, yanahesabiwa masomo 16 ya msingi. Nimeona mtoto wa mita 2 na sentimita 8 akikwama kwa karatasi iliyochelewa, wakati mwenzake wa kawaida mwenye vyeti safi ameshapanda ndege.

Kuna mama mmoja wa Temeke sitamsahau. Tulikuwa tunamtaka mwanawe. Akanipigia saa tano asubuhi ya kwake, ambayo kwangu ni saa nane usiku, akaanza, "Mwanangu, nimekuamsha?" Nikasema hapana mama, shikamoo. Akaniuliza maswali matatu. Atakula nini? Akiugua nani atampeleka hospitali? Na akivunjika mguu, mtamrudisha? Mawili ya kwanza niliyajibu nikiwa kitandani. La tatu nikakaa kitako. Skolashipu nyingi huandikwa kwa mwaka mmoja mmoja, na mimi mwenyewe goti langu lilikuwa linajua maana ya swali lile. Nikamwambia mama, naomba nikupigie kesho.

Asubuhi nikaenda kwa kocha mkuu. Akasema bila shaka tutambakiza, mtoto ataendelea kusoma. Nikamwomba aandike. Alinitazama vibaya kidogo, akaandika barua pepe mistari miwili, nikamsomea mama kwa Kiswahili. Akanyamaza, halafu akasema, "Sasa umesema kama mtu mwenye mtoto." Sikuwa na mtoto wakati huo. Kijana alikuja, alicheza miaka minne, hakuvunjika chochote, na ile barua bado nimeihifadhi. Ukianza usajili, usiahidi kwa mdomo jambo ambalo bosi wako hajaliandika. Mzazi aliyeko kilomita maelfu hana mwingine wa kumshika shati isipokuwa wewe.

Kijana huyo huyo alinifundisha kazi nyingine ambayo hakuna kozi yake. Wiki ya kwanza ya mazoezi kocha mkuu alimfokea kwa kosa la ulinzi. Mtoto, kama alivyolelewa, akainamisha macho. Kocha akazidi: "Niangalie ninapoongea!" Mtoto akainama zaidi. Nikiwa pembeni nikaona kabisa watu wawili wenye nia njema wanavyogombana kwa adabu. Baada ya mazoezi nikamweleza kocha kwamba kwetu mtoto hamkazii macho mkubwa anapoonywa, angemtazama ndiyo ungekuwa utovu wa heshima. Halafu nikamweleza kijana kwamba huku macho chini maana yake hujasikia au umenuna. Akasema, "Kaka, siwezi kumkodolea macho mzee yule." Tukakubaliana amtazame katikati ya nyusi. Ilifanya kazi. Hakuacha kuniamkia lakini, na kufikia Desemba chumba kizima cha kubadilishia nguo, vijana wa Missouri na Oklahoma, walikuwa wananiambia "shikamoo" nikiingia na kujiitikia wenyewe "marahaba" kabla sijafungua mdomo.

Nyie mnaotoka nyumbani msifiche upande huo wenu mkidhani utawapunguzia. Vyuo vingi vina wachezaji kutoka Afrika, na kocha anayejua kwa nini mtoto ameinama ana thamani yake.

Upande mchungu wa usajili umekuja miaka hii. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo ambao mchezaji anayetaka kuhama anaandikisha jina lake na vyuo vyote vinaliona. Sisi wa Simba na Yanga tuliite dirisha la uhamisho. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na kuanzia 2024 wanaweza kuhama kila mara ilimradi masomo yako sawa. Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa michezo yote. Fedha hizo ni za vyuo vikubwa. Chuo kama changu tunasikia harufu tu ya pilau la jirani. Na kijana mwenye viza ya mwanafunzi asikimbilie mkataba wa matangazo kabla hajaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, viza ile haimruhusu kufanya kazi ovyo.

Nilimpata kijana mmoja ambaye hakuna chuo kilichokuwa kinamtaka. Nilikwenda kwao mara tano, nikala kwao, nikamsaidia bibi yake kubadilisha tairi. Msimu wa kwanza akang'ara. Aprili nikiwa kwenye foleni ya pizza simu ikalia: "Asante kocha kwa yote." Nilijua kabla sijasoma mstari wa pili. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikajiuliza mimi nimehama mara ngapi, na mara ngapi niliwaaga wachezaji kwa ujumbe wa simu kwa sababu kazi mpya ilitaka niripoti Jumatatu. Nikampigia, nikamsaidia kuchagua kati ya vyuo viwili vilivyomtaka. Wapo wasioweza kumeza hili, na siwalaumu. Tony Bennett, aliyeipa Virginia ubingwa mwaka 2019, aliachia ngazi Oktoba 2024 wiki chache kabla ya msimu, akisema kwamba hakuwa tena mtu sahihi wa kuongoza timu katika mazingira haya.

Kuhama. Kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wote tunafungasha, hata kama timu yako ya video ilikuwa bora jimbo zima. Imenikuta mara mbili. Mara ya pili nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kiwanja cha ndege nimetumwa kumwangalia mchezaji, tiketi imelipwa na chuo ambacho nilikuwa sifanyii kazi tena. Nilikwenda kumwangalia hivyo hivyo; tiketi ya kurudi ilikuwa kesho yake. Tumeishi majimbo manne kwa miaka 13. Mke wangu alishakataa kununua mapazia marefu, anasema kila nyumba ina madirisha ya kimo chake. Kama una mchumba, hili mwambie kabla ya mahari.

Subira inalipa kwa wengine, lakini subira hiyo ni ya bosi wako zaidi kuliko yako. Mike Krzyzewski misimu mitatu ya mwanzo pale Duke alishinda 38 akafungwa 47, na mwaka 1983 walipigwa na Virginia 109 kwa 66. Wahitimu walitaka aondoke. Mkurugenzi wa michezo akamwongezea mkataba. Alistaafu mwaka 2022 akiwa na ushindi 1,202 na mataji 5. Dean Smith wa North Carolina, mwaka 1965 wanafunzi wa chuo chake mwenyewe walitundika sanamu yake mtini kama mtu aliyenyongwa. Akaendelea kufundisha pale mpaka 1997. Wooden naye alikaa UCLA tangu 1948, taji la kwanza likaja 1964. Nikiwasimulia vijana haya hunijibu, "basi na mimi nitavumilia." Sawa, vumilia. Lakini mkurugenzi wa leo mwenye subira ya miaka 16 yuko wapi? Mimi sijakutana naye. Kwa hiyo unapochagua kazi, chunguza yule anayemwajiri kocha mkuu kama unavyomchunguza kocha mwenyewe: kafukuza wangapi, baada ya misimu mingapi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Makocha wakuu wa vyuo vikubwa wanalipwa mamilioni, na wasaidizi wao vizuri. Timu za Daraja la Kwanza ni zaidi ya 350. Nyingine zote, za Daraja la Pili, la Tatu, NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo) na vyuo vya miaka miwili, msaidizi anaweza kulipwa chini ya mwalimu wa sekondari wa mji huo huo. Karibu kila kiangazi nimefundisha kambi za watoto ili kodi ilipike.

Kuhusu viza: ukiwa mwanafunzi unaruhusiwa saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo wakati wa muhula, na kazi ya umeneja inayolipwa inaingia humo. Ukihitimu kuna mwaka mmoja wa kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea. Kwa hiyo soma kitu kinachohusiana: sayansi ya michezo, ualimu, uongozi wa michezo. Nilimjua kijana hodari aliyesoma uhasibu kwa kumridhisha baba yake, na mwaka wake ulipofika karatasi zikamtaka akahesabu. Baada ya hapo vyuo vina nafuu moja, viza ya wataalamu ya H-1B wanayoomba haiingii kwenye bahati nasibu, ila lazima chuo kikubali gharama na usumbufu wake, na chuo kidogo mara nyingi hakikubali kwa ajili ya msaidizi wa tatu. Sheria hizi zinabadilika, muulize mwanasheria, usimuulize rafiki wa Facebook.

Dada zangu, nyie msiishie kunitumia ujumbe kwa niaba ya kaka zenu. Timu za wanawake huku zina kazi nyingi na makocha wakubwa ambao mlango wao unafunguka. Dawn Staley alikwenda South Carolina mwaka 2008 akaikuta timu ya kawaida. Ameshachukua mataji ya 2017, 2022 na 2024, na lile la mwisho bila kufungwa hata mechi moja, 38 kwa 38. Na kama mtu anawaambia wanawake hawawezi kufundisha wanaume, mkumbusheni kwamba Kenya ilipoifunga Angola 74 kwa 73 Februari 2021, kocha kwenye benchi la Kenya alikuwa Liz Mills.

Nikipata wageni kutoka nyumbani huwa nawapeleka Lawrence, mji wa chuo kikuu cha Kansas. Kuna kaburi la James Naismith, mwalimu aliyebuni mchezo huu Desemba 1891, na ndiye kocha wa kwanza wa chuo cha Kansas. Alishinda mechi 55, akafungwa 60. Chuo kile kina historia ndefu ya ushindi, na kocha pekee mwenye hasara kwenye hesabu ni aliyeugundua mchezo wenyewe. Hapo hapo ndipo John McLendon alipojifunza kwa Naismith miaka ya 1930, kijana mweusi ambaye hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Hakucheza. Akamfuata mzee kwa maswali miaka mitatu, akatoka pale akafundisha mchezo wa kasi ambao wengi walikuwa hawajauona, na timu yake ya Tennessee A&I ikatwaa ubingwa wa NAIA mara tatu mfululizo, 1957 mpaka 1959. Wageni wangu hupiga picha, wananiuliza kama kuna mahali pa kula wali karibu. Upo, mgahawa wa Wahindi.

Sasa, unayetaka kuanza kesho asubuhi. Usingoje viza. Ukiwa Dar nenda Don Bosco, nenda JMK Park pale Kidongo Chekundu, au uwanja wowote wa shule yenye ubao wa kikapu ulionyooka. Omba watoto 10 wa miaka 12, wiki mbili, saa moja kila jioni. Andika mpango wa kila siku kwa dakika, kwa mkono wako. Mwombe mtu akurekodi kwa simu, akupige wewe, siyo watoto: unasimama wapi, unaongea muda gani kabla mpira haujaanza kudunda, unafanya nini mtoto wa nyuma kabisa akiacha kusikiliza. Nitumie dakika 10 za video hiyo pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza ni wapi mpango wako uliharibika. Nitaitazama, najibu wote, ingawa kuanzia Novemba mpaka Machi nachelewa.

Picha ya mlangoni usinitumie.